Saa Tisa Usiku, Chapwa

Mama aliitikisa pampu ya pumu karibu na sikio lake, akatabasamu, akasema bado ina dawa. Akanipa na mimi nisikilize. Kweli, kulikuwa na kitu kinachezacheza ndani, kama maji yaliyobaki kwenye kidumu. Mhudumu wa afya hakutaka kusikiliza. Alifungua daftari lake la jalada gumu, akatafuta ukurasa wa kaya hii, akaanza kuhesabu, kidole kikishuka mstari kwa mstari: siku iliponunuliwa, mipulizo miwili kila asubuhi, miwili kila jioni, usiku wa Jumapili minne, na baadaye usiku huohuo minne tena. Alipofika chini akaandika jumla, akamgeuzia mama daftari.

"Dada, humu iliingia mipulizo mia mbili. Imeshatoka yote tangu wiki iliyopita. Unachompulizia mtoto sasa ni upepo."

Mama aliishika ile pampu kwa mikono miwili kama mtu aliyeambiwa noti yake ni bandia. "Mbona inatoa mvuke?"

Hilo ndilo tatizo la vikopo hivi vya bluu. Gesi inayosukuma dawa hubaki hata dawa yenyewe ikiisha. Kopo tupu huendelea kupuliza kwa sauti ileile, mtoto aliyebanwa huvuta, husubiri, na nafuu haiji. Vingine vina namba mgongoni zinazoonyesha kilichobaki. Hiki hakikuwa nazo.

Mtoto mwenyewe, wa miaka tisa, alikuwa uani akifukuza kuku wa jirani kwa kijiti, mzima wa afya, utadhani hajawahi kuumwa hata mafua.

Nilikuwa nimefika Chapwa asubuhi hiyo kwa bodaboda kutoka katikati ya mji wa Tunduma. Ilikuwa mwezi wa nane, wakati upepo wa kiangazi umeshakausha kila kilichobaki shambani, na huku na kule watu wanachoma mabua kusafisha mashamba. Kijana wa bodaboda alijifunga kitambaa puani kabla hatujaondoka. Nilidhani ni urembo wa vijana. Baada ya dakika tano nikatoa leso na kujifunga ya kwangu.

Anayekuja Tunduma mara ya kwanza hukumbuka malori. Yanashuka na mafuta na bidhaa kwenda Zambia na Kongo, yanapanda na shaba kuelekea bandari ya Dar es Salaam, na kati ya safari hizo mbili yanangoja. Kituo cha pamoja cha mpakani, Tunduma na Nakonde, kilizinduliwa Oktoba 2019 na marais Magufuli na Lungu ili gari likaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili. Kazi imerahisika, lakini foleni haikuzikwa. Na dereva anayelala ndani ya gari usiku wa nyanda za juu, baridi ikimtafuna vidole, haoni sababu ya kuzima injini.

Mji nao haukungoja mtu. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 97,562 katika Halmashauri ya Mji wa Tunduma, ambayo Chapwa ni kata yake mojawapo. Sensa ya 2022 ikawakuta 219,309. Watu hao wote walihitaji pa kulala, kwa hiyo matofali yanachomwa, vyumba vinaongezwa ubavuni mwa vyumba, na madirisha yanafanywa madogo kwa sababu ya wezi na baridi. Ukisimama mahali penye mwinuko jioni unaona moshi wa tanuru, moshi wa mabua na moshi wa chakula cha usiku ukikutana juu ya mabati na kutulia hapo. Ni mandhari nzuri sana kwa mpiga picha.

Nilianza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikasaini kitabu cha wageni, nikaeleza nilichofuata. Alinikabidhi kwa binti wa miaka ishirini na kitu, mkoba mgongoni, viatu vya raba vyenye rangi ya udongo wa Chapwa. Kwenye karatasi za serikali anaitwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, kwa ufupisho WAJA. Mitaani wanamwita daktari, naye hukataa kila mara. "Mimi si daktari, mama. Mimi ni mwenzenu, nilipelekwa kusoma nikarudi." Nilimsikia akilisema hilo mara nne kabla ya saa sita mchana, na mara zote nne halikusaidia.

Mpango uliompeleka kusoma ulizinduliwa Januari 31, 2024 na Makamu wa Rais wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango: wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, Songwe ikiwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo. Namba hiyo inaonekana ya ajabu mpaka uigawe kwa mbili. Ni wahudumu wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa wa Tanzania Bara. Wanasoma miezi sita, darasani na kwenye mazoezi, kisha wanarudi walikotoka kutembea kaya kwa kaya na kuulizia kila kitu: mimba, chanjo, lishe ya mtoto, malaria, kifua kikuu, choo, na siku hizi presha, kisukari na pumu.

Bibi mmoja tuliyempitia, anayechambua maharage barazani, alicheka nilipomuuliza kama anaona kitu kipya. Alituambia kuwa mwaka 1973 yeye alikuwa msichana, na watu walikusanyika jioni kuzunguka redio moja kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya. Kiongozi wa kikundi alisoma kijitabu, kisha kesho yake wanaume wakachimba vyoo. "Nao walikuja nyumba kwa nyumba hivihivi," alisema. "Tofauti yao na huyu, wale walitazama choo tu. Huyu mjukuu wangu anataka kuona mpaka godoro."

Kuhusu godoro, bibi alisema kweli. Katika ile nyumba ya kwanza, baada ya hesabu ya pampu, mhudumu aliomba kuona mtoto analala wapi. Akiwa mlangoni alisema hodi mara ya pili, kwa sababu chumba cha watu ni chumba cha watu. Mimi nilibaki kizingitini. Watoto watatu hulala kitanda kimoja. Mwenye pumu hulala upande wa ukutani, na ukuta ulikuwa na doa la unyevu lenye ukungu mweusi. Juu ya sanduku kulikuwa na majivu ya dawa ya mbu ya kufukiza, ile ya mviringo wa kijani. Katikati ya sakafu kulikuwa na duara jeusi.

"Hapa mnaweka jiko?"

"Usiku, baridi ikizidi," mama alisema. "Tunaliingiza makaa yakishakuwa mekundu. Halitoi moshi."

Mhudumu hakugomba. Aliuliza mtoto hubanwa saa ngapi. Mama alijibu bila kufikiri: saa tisa, saa tisa na nusu usiku. Aliuliza kama siku za kubanwa ndizo siku za jiko. Mama akanyamaza kidogo, akahesabu, akasema Jumapili jiko lilikuwepo. Siku nyingine hakumbuki.

Nilipenda namna alivyoliacha swali lile likae chumbani bila kulimalizia. Baadaye njiani aliniambia kuwa makaa mekundu yasiyotoa moshi anayaogopa kuliko yanayotoa, kwa sababu hewa yake haina harufu na inaweza kuua watu wote watatu kitandani, mwenye pumu na wasio nayo. Hilo alishamwambia mama kwenye ziara iliyopita. "Akikubali kwa mdomo, jiko linarudi. Akiona mwenyewe kwamba usiku wa jiko ndio usiku wa kubanwa, halirudi."

Pumu ina tabia ya kujitokeza usiku na kujificha mchana. Njia za hewa huwa nyembamba zaidi alfajiri, mwili wenyewe una saa yake, na kwa mgonjwa wa pumu saa hiyo ni mbaya. Mama hupambana peke yake gizani, mtoto ameketi kitandani ameinama mbele, mabega yamepanda, kifua kinalia mluzi. Kukicha kifua kimeshafunguka. Anapofikishwa kliniki saa nne, tabibu anaweka kifaa kifuani, anasikia pumzi safi, anaandika "kikohozi". Si uzembe wake. Aliletewa mtoto mwingine, yule wa mchana.

Kwa hiyo kazi ya mhudumu, kama nilivyoiona, ni kupeleka habari za usiku mahali panapofunguliwa mchana. Siku hiyo aliandika karatasi ya rufaa yenye mistari mitatu: anabanwa usiku zaidi ya mara mbili kwa wiki, anatumia pampu ya bluu kila siku, amekosa shule siku tano mwezi huu. Tabibu akisoma hiyo haitaji kusikia mluzi. Mtoto anayehitaji kopo la bluu kila asubuhi na kila jioni pumu yake haijadhibitiwa. Bluu inafungua njia kwa saa chache lakini haizimi uvimbe ulioziba njia zenyewe. Kinachozima uvimbe ni dawa nyingine ya kuvuta, ambayo mara nyingi huja katika kopo la rangi ya kahawia, na mtu huitumia kila siku hata akiwa mzima, kisha anasukutua mdomo. Mwaka 2019 jopo la kimataifa linalotoa miongozo ya pumu, GINA, lilisema wazi kwamba vijana na watu wazima wasitibiwe tena kwa bluu peke yake, na kwa watoto pia dawa ya uvimbe ndiyo msingi wa tiba.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mahali mkoba wa yule binti ulipo mwepesi. Ndani yake mlikuwa na daftari, vikopo vya makohozi, kipimo cha mzingo wa mkono wa mtoto, na vipeperushi. Pampu haikuwemo, ya bluu wala ya kahawia. Anaweza kujua kila kitu kuhusu kifua cha mtoto na asiwe na cha kumpa isipokuwa karatasi. Blantyre, hapa jirani Malawi, waliwahi kulipima jambo hili kwa watoto wa shule wenye pumu: matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kuwa watoto waliofundishwa na kurekebishiwa dawa na wahudumu wasio madaktari walibanwa mara chache na kukosa shule siku chache kuliko wenzao. Lakini kule mafunzo yaliambatana na dawa za kuvuta. Tusije tukachukua nusu ya somo, ile ya bei nafuu, tukaiita somo zima.

Chupa, hata hivyo, anayo. Aliitoa mkobani kwa fahari ambayo hakuifanya siri: chupa ya kawaida ya maji ya kunywa, ya nusu lita, yenye tundu kitakoni. Alifundishwa na muuguzi mmoja. Unakunja waya kwa umbo la mdomo wa pampu, unaupasha kwenye makaa, unaubonyeza kitakoni mwa chupa, kisha unaichomeka pampu plastiki ingali laini ili ibane yenyewe. Palipobaki mwanya unaziba kwa gundi au plasta. Mtoto anaweka midomo mahali ambapo wewe na mimi tungenywea maji.

Alimwita mwindaji wa kuku. Kijana akaja, akakaa wima kama askari, akaitikisa pampu tupu, akatoa pumzi yote, akafunga midomo kwenye chupa, akabonyeza. Ukungu mwembamba ukajaa chupani ukamngoja. Akavuta polepole, akaachia, akavuta tena, mara tano, bila kutoa mdomo. Kisha akanitazama aone kama mgeni ameelewa.

Nilielewa kwa kuchelewa miaka thelathini. Bila chupa, dawa hutoka kwa kasi, hupiga koo na kubaki huko. Mtoto mdogo hawezi kulinganisha kidole na pumzi, na aliyebanwa ndiyo kabisa. Chupa humpa muda. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake, madaktari wa watoto mjini Cape Town, walichapisha katika jarida la Lancet majaribio ya chupa hizihizi kwa watoto waliobanwa, wakakuta iliyozibwa vizuri inasaidia sawa na kifaa cha kiwandani. Mhudumu hajui jina la Zar. Anajua kwamba chupa huoshwa kwa maji ya sabuni, isifutwe kwa kitambaa ndani, iachwe ikauke yenyewe, maana ukiifuta dawa hunasa ukutani mwa chupa badala ya kumfikia mtoto.

Nasema miaka thelathini kwa sababu kaka yangu alikuwa na pumu. Nyumbani kwetu pampu ilipigwa marufuku: mtu mzima mmoja alimwambia mama yetu kwamba ukiianza huiachi, na kwamba anayeitumia ndiye aliyefika mwisho. Kaka akanywa vidonge vilivyomtetemesha mikono mpaka akashindwa kushika peni. Neno lilelile nililikuta Chapwa, limekaa palepale, likisemwa kwa sauti ileile ya mtu anayekutakia mema. Baba wa mtoto huyu ndiye aliyelisema.

Alirudi saa sita mchana, macho mekundu. Ni mlinzi wa usiku kwenye maegesho ya malori, na jiko lile halimhusu kwa sababu saa tisa usiku yeye yuko kazini. Hii ina maana hajawahi kumwona mwanawe akibanwa. Alisalimia, akakaa, akasikiliza hesabu ya mipulizo, akasema mbona vidonge vinatosha, duka la dawa muhimu hapo barabarani wanauza kwa bei ya kawaida, na pampu moja ni kama debe la mahindi.

"Baba, kidonge kinapitia tumboni," mhudumu alimwambia, "kinazunguka mwili mzima ndipo kifike kifuani. Mtoto anangoja. Hii inaingia mlango uleule uliozibwa." Akanyamaza. "Na kuhusu kuizoea: miwani wewe unaizoea, au macho ndiyo yanaihitaji?"

Baba alikuwa na miwani ya kusomea mfukoni mwa shati. Aliigusa, akacheka peke yake.

Mchana tulizunguka kaya nyingine tano. Kwa mzee mwenye mashine ya kusaga, aliyefunikwa unga mpaka kope, kila mtu alisema ana pumu, naye alisema ana pumu. Mhudumu aliuliza anakohoa tangu lini, kama anatoka jasho usiku, kama suruali imelegea kiunoni. Akampa kikopo cha makohozi na kumweleza akijaze asubuhi kabla ya kula. Inaweza kuwa unga, inaweza kuwa kifua kikuu. Kwa macho hakuna ajuaye. Katika nyumba nyingine kulikuwa na mtungi mdogo wa gesi uliotandikwa kitambaa cha kufuma, umegeuzwa kiti cha mgeni. Nilikalia mimi. Uliisha mwezi wa nne. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034, nami nautakia kila la heri, ila mtungi wa kwanza haujawahi kuwa tatizo. Tatizo ni wa pili.

Na hata kuhama jiko kuna mpaka wake. Karonga, ng'ambo ya mto Songwe, na Chikwawa, kusini mwa Malawi, vijiji 150 viliwahi kushirikishwa katika jaribio kubwa: baadhi ya kaya zilipewa majiko yenye moshi mdogo, watoto 10,750 wakafuatiliwa. Matokeo ya 2017 hayakuonyesha kwamba nimonia ilipungua. Ukizima moshi wako unabaki na wa jirani, wa takataka, wa barabara. Nilimweleza mhudumu habari hiyo tukiwa njiani, labda kwa majivuno kidogo ya msomi. Aliitikia kwa kichwa. "Ndiyo maana siwaambii jiko litamponya. Nawaambia litoke chumbani anapolala."

Saa kumi jioni baba alibisha mlango wa ofisi ya maegesho, akaomba kukopeshwa mshahara. Sikuingia naye. Alitoka na hela iliyokunjwa, tukapanda bodaboda mbili hadi famasi mjini, akanunua kopo la bluu. Aliuliza na la kahawia. Muuzaji alitafuta rafu ya juu, akatafuta ya chini, akasema limeisha, ajaribu wiki ijayo. Baba akanunua kalamu nyeusi isiyofutika, kwa maagizo ya mhudumu, akaandika tarehe mwenyewe kwenye ubavu wa kopo, akiwa amevaa miwani.

Kuhusu hesabu mama alikuwa ameomba msamaha: daftari hana, na kalamu ndani ya nyumba yenye watoto watatu haikai siku mbili. Tuliporudi, mhudumu aliangaza macho chumbani, akaenda uani, akarudi na kipande cha mkaa baridi. Akahamisha kwanza godoro kutoka ukuta wenye ukungu hadi ukuta mkavu. Juu ya kichwa cha kitanda akachora mstari mmoja mfupi. "Mpulizo mmoja, mstari mmoja. Ikifika mitano, ikate kwa mshazari. Mafungu arobaini, kopo limeisha." Kisha akafuta ule wake kwa kidole gumba, kwa sababu haukuwa wa kweli. Akamkumbusha mama dalili za kutosubiri: mtoto akishindwa kumaliza sentensi, nyama za mbavuni zikiingia ndani anapovuta, midomo au ulimi vikibadilika rangi. Hapo ni mipulizo minne kupitia chupa, na safari ianze, dawa ikirudiwa njiani.

Nililala gesti mjini, dirisha likitazama barabara. Niliamka mara mbili kwa breki za malori. Mara ya pili niliangalia saa. Ilikuwa saa tisa na dakika kumi, na nje baridi ilikuwa kali.

Asubuhi nilipitia Chapwa kuaga kabla ya kupanda basi la Mbeya. Mhudumu alikuwa amefika kabla yangu. Jiko lilikuwa uani, limejaa umande, makaa yake ya jana hayakuwashwa. Mtoto alikuwa ameshavaa sare ya shule, anakunywa uji. Mama alituingiza chumbani bila kuombwa, akanyoosha kidole ukutani.

Mistari minne, imeinama kidogo, ya mtu aliyechora gizani.

"Saa ngapi?" mhudumu aliuliza.

"Tisa na kitu. Alilala tena kabla ya adhana."

Mhudumu akafungua daftari, akainakili.